MABONGE YA PROTINI NA USALAMA WA MTUMISHI WA MAABARA

Kwa zaidi ya miaka 10 sasa wataalamu wa maradhi ya ubongo katika nchi zilizoendelea wamekuwa wakitengeneza wenyewe, ndani ya maabara zao, kitu ambacho zamani kilionekana tu pale mgonjwa alipokwisha kufa na ubongo wake ukapasuliwa na kutazamwa kwa darubini. Kitu hicho ni mabonge ya protini. Ni mabonge ya namna hiyo yanayokutwa katika ubongo wa mtu aliyekufa na maradhi ya Parkinson, ambayo wengi wetu tunayajua kwa kutetemeka mikono na kuburura miguu, na katika ubongo wa mwenye maradhi ya Alzheimer, ambayo humpokonya mzee kumbukumbu hadi akawasahau wanawe. Leo mabonge hayo hutengenezwa kwa makusudi, hugandishwa, hutiwa katika vichupa vidogo na kuuzwa kwa maabara yenye haja nayo.

Sisi tunaikaribisha kazi hiyo, kwani haielekei kupatikana dawa ya maradhi haya bila ya kuyachungua kwa njia hii. Lakini tunaona vile vile kwamba Serikali, pamoja na wale waliokabidhiwa dhamana ya utafiti wa afya katika visiwa vyetu, wanapaswa kuuliza mapema swali ambalo wenzetu wa Ulaya walichelewa kuliuliza. Mtumishi anayekishika kichupa hicho, na yule anayefagia chumba baada yake, wanalindwa na nani?

Huenda msomaji akasema kuwa haya ni mambo ya wenye uwezo, wala hayatuhusu sisi wa Unguja na Pemba. Hoja hiyo haina nguvu. Huko Tanzania Bara, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wagonjwa wa Parkinson, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi wa waliopatikana hawakuwa wamepata kutambuliwa na daktari yeyote kabla ya hapo. Kama hali ilikuwa hiyo chini ya Mlima Kilimanjaro, hapana sababu ya kudhani kwamba wazee wa Makunduchi au wa Wete wamesalimika. Mzee akianza kutetemeka husemwa ni uzee. Akianza kupotea njia ya kwake husemwa amechezewa. Maradhi haya huja na umri, na kwa kuwa watu wetu sasa wanaishi zaidi kuliko walivyoishi babu zao, idadi ya wagonjwa haina budi kuongezeka. (Na tuseme kwa kupita kwamba dawa kuu ya Parkinson, iitwayo levodopa, imo pia katika mbegu za upupu, mmea ambao watoto wetu wanaujua kwa kuwasha tu. Hatumshauri mtu akaupike. Twataka tu kuonyesha kuwa elimu hii haikai mbali nasi kama inavyodhaniwa.)

Ili hoja yetu ieleweke, yafaa kwanza ielezwe kazi yenyewe. Mwili umejaa protini za namna nyingi, na kila protini hufanya kazi yake kwa sababu imekunjwa katika umbo lake. Iko protini iitwayo alfa-sinukleini, iko tau, iko beta-amiloidi. Wakati mwingine moja hukunjika vibaya, ikaambatana na nyenzake, zikawa uzi, na nyuzi zikawa bonge. Ajabu ni kwamba uzi huo, ukikutana na protini nzima zisizo na kasoro, huzivuta nazo zikakunjika vibaya vile vile. Kila mama anayegandisha maziwa nyumbani ameona jambo linalofanana na hili: hutia kijiko cha mtindi wa jana katika maziwa mapya, na asubuhi akakuta chombo kizima kimeganda. Ila katika mtindi mna vijidudu vyenye uhai, na vijidudu vikichemshwa hufa. Uzi wa protini hauna uhai. Si kijidudu wala si virusi, hauna mbegu ya uzazi ndani yake, na kwa hiyo hakuna kitu cha kuuliwa. Msomaji na alishike jambo hili, kwani ndilo linaloleta taabu yote tutakayoieleza.

Elimu hii, kwa bahati, ilianzia kisiwani. Katika nyanda za juu za kisiwa cha New Guinea wanaishi watu waitwao Fore, na katika miaka ya 1950 maradhi waliyoyaita kuru, maana yake kutetemeka, yalikuwa yakiwaua kwa mamia, hasa wanawake na watoto. Ilikuwa mila yao, kwa mapenzi na kwa huzuni, kuwala jamaa zao waliofariki, na wanawake pamoja na watoto ndio waliokula ubongo. Daktari wa Marekani, Carleton Gajdusek, na wenzake walichukua ubongo wa marehemu wa Fore, na mwaka 1963 wakawadunga nao sokwe. Miaka 2 ikapita bila ya dalili. Mwaka 1965 sokwe wakaanza kutetemeka. Gajdusek alipewa Nishani ya Nobel mwaka 1976. Mwaka 1982 Mmarekani mwingine, Stanley Prusiner, alitoa jina la prioni kwa kile kilichokuwa kikiambukiza, akashikilia kuwa ni protini tupu. Wengi walimcheka, naye akapata Nobel yake mwaka 1997. Mila ile ya Fore ilikwisha komeshwa kufikia karibu na mwaka 1960, lakini watu waliokula wakiwa wadogo waliendelea kufa na kuru hata baada ya mwaka 2000, yaani zaidi ya miaka 40 tangu kula. Nishani zilikwenda Stockholm kupokewa, na Wafore wakabaki na makaburi. Sisi tulio watu wa visiwa tunayo haki ya kulikumbuka hilo.

Tukija sasa kwenye maabara za leo, mabonge yanayotumiwa sana ni yale ya alfa-sinukleini. Bakteria hupewa jeni ya mtu ili watengeneze protini hiyo. Husafishwa, kisha hutikiswa mfululizo kwa siku kadhaa katika joto la mwili, nyuzi 37, mpaka maji meupe yanaanza kuwa na utusitusi. Hapo nyuzi zimeshaundwa. Baadaye hupigwa kwa mawimbi ya sauti ili zikatike vipande vidogo sana, kwani nyuzi ndefu hazifanyi kazi vizuri. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, walitangaza kwamba walimdunga panya mzima, asiye na ugonjwa wala kasoro ya jeni, mikrogramu 5 tu za vipande hivyo katika ubongo. Mikrogramu 5 ni sehemu 5 za gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Mabonge yalisambaa kutoka chembe hadi chembe, mishipa ya fahamu inayotoa dopamini ikafa, na panya akaanza kushindwa kutembea sawasawa. Tangu hapo njia hiyo imeenea duniani kote, na dawa nyingi hujaribiwa kwanza kwa panya wa namna hiyo.

Faida zake hazikatailiki. Kutokana na tabia hii hii ya kuvutana, wataalamu wamebuni kipimo ambacho tone la maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa hutiwa katika protini safi ili kuonekana kama litaigandisha. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya watu 1,123, na kipimo kiliwatambua wagonjwa wa Parkinson karibu 88 katika kila 100. Kabla ya hapo daktari alitegemea macho yake na uzoefu wake, na mara nyingi alikosea. Kwa nchi yenye mabingwa wachache wa mishipa ya fahamu, kipimo cha kuaminika ni neema.

Hata hivyo tusiyapokee yote kwa makofi. Mabonge ya maabara si lazima yawe sawa na mabonge ya mgonjwa. Huko Cambridge, Uingereza, kwa kutumia darubini za elektroni zinazotazama vitu vilivyogandishwa, wataalamu waliweza mwaka 2017 kuonyesha umbo la nyuzi za tau zilizotolewa katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, na mwaka 2022 umbo la nyuzi za alfa-sinukleini kutoka kwa wagonjwa wa Parkinson. Ilidhihirika kwamba kila ugonjwa una mkunjo wake, na kwamba nyuzi zilizokuwa zikitengenezwa maabarani aghalabu zilikuwa na mikunjo mingine kabisa. Basi mtu aliyepata dawa ya kumponya panya wa Philadelphia amepata dawa ya nini hasa? Swali hilo si la kejeli. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya dawa 2 zilizokusudiwa kuyanasa mabonge ya alfa-sinukleini, prasinezumab na cinpanemab, zilizojaribiwa kwa wagonjwa wa Parkinson, nazo hazikuonyesha kuwa zinaupunguza mwendo wa maradhi kama ilivyotarajiwa. Kwa upande wa Alzheimer, dawa ya lecanemab, ambayo Marekani iliipa kibali kamili mwaka 2023, hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo bila ya kuuponya, na ilipotoka bei yake ilikuwa Dola 26,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Na makala mashuhuri ya mwaka 2006 katika jarida la Nature, juu ya bonge fulani la beta-amiloidi lililodaiwa kumsahaulisha panya, iliondolewa mwaka 2024 kwa sababu picha zake zilikuwa zimechezewa. Afisa atakayeletewa mezani ombi la utafiti wa namna hii hatakuwa na kosa akiuliza kwa utulivu: nyuzi zenu zimepimwa umbo lake, na zinafanana na za mgonjwa gani?

Sasa tuje kwenye hatari. Mwezi Mei 2010, katika maabara moja nchini Ufaransa, mtumishi kijana alikuwa akisafisha chombo cha kukatia vipande vilivyogandishwa vya ubongo wa panya walioambukizwa prioni. Koleo yenye ncha kali ilipenya glovu 2 za mpira alizovaa, ikamchoma kidole gumba, na damu ikatoka. Miaka 7 na nusu ilipita. Mwezi Novemba 2017 alianza kusikia maumivu ya kuunguza katika bega na shingo. Baadaye akili yake ikavurugika, na mwaka 2019 alifariki kwa aina ya maradhi ya Creutzfeldt-Jakob inayohusiana na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Habari zake zilichapishwa katika jarida la madaktari mwaka 2020. Mwaka uliofuata, mtu wa pili aliyekuwa amefanya kazi ya maabara ya prioni, na ambaye alikuwa amekwisha staafu, naye akaonekana kuwa na maradhi ya Creutzfeldt-Jakob. Hapo ndipo taasisi 5 za utafiti za umma nchini Ufaransa zilipokubaliana, mwezi Julai 2021, kusimamisha kazi zote za prioni kwa muda wa miezi 3 kwanza. Nchi ya Pasteur, yenye maabara na sheria zisizo na idadi, ilingoja miaka 11 tangu tone lile la damu kabla ya kusema: simameni.

Haki ituongoze tusichanganye mambo. Prioni za Creutzfeldt-Jakob ni jambo moja, na nyuzi za alfa-sinukleini au tau ni jambo jingine. Hakuna mtumishi wa maabara aliyethibitishwa kupata Parkinson au Alzheimer kwa kuchomwa na sindano yenye mabonge hayo, wala mtu haambukizwi kwa kumwuguza mzazi wake, kumlisha au kulala naye chumba kimoja. Mtu asije akalisoma gazeti hili akamtenga mama yake. Tunalisema hili kwa mkazo, kwa kuwa uvumi katika visiwa vidogo hutembea upesi kuliko daladala.

Lakini kusema kwamba jambo halijathibitishwa si sawa na kusema kwamba halipo. Nchini Uingereza, baina ya mwaka 1959 na 1985, watoto 1,848 waliokuwa hawakui walitibiwa kwa homoni iliyokamuliwa katika tezi za ubongo wa maiti. Matibabu yalikomeshwa mwaka 1985 ilipoonekana kwamba homoni hiyo ilikuwa na prioni, na watu 80 kati ya waliotibiwa huko walikufa kwa Creutzfeldt-Jakob. Kisha mwaka 2018 vichupa vya homoni ile vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa miongo kadhaa vilipimwa, vikakutwa na beta-amiloidi ambayo ilikuwa bado na nguvu ya kuanzisha mabonge katika ubongo wa panya. Na mwezi Januari 2024 madaktari wa London walieleza habari za watu 5 waliotibiwa utotoni kwa homoni hiyo na ambao, wakiwa bado katika umri wa kati ya miaka 38 na 55, walianza kuonyesha dalili zinazolingana na Alzheimer. Watu hao walidungwa mara nyingi, kwa miaka mingi. Haifanani na ajali ya mara moja maabarani. Hata hivyo kitu kilichokaa kabatini muda wote huo bila ya kupoteza nguvu zake kinastahili heshima kubwa kuliko anayoipata kichupa cha chumvi.

Ndipo linaporudi lile jambo tulilomwomba msomaji alishike. Kisichokuwa na uhai hakiuliwi kwa njia tulizozizoea. Spiriti, ambayo ndiyo silaha ya kwanza katika kila chumba cha dawa, haifai kwa prioni. Formalini, ambayo huhifadhi viungo katika vyumba vya maiti, haiziangamizi. Kuchemsha kwa mvuke wa nyuzi 121, kunakotosha kwa vyombo vya kawaida vya upasuaji, hakutoshi; kwa prioni hutakiwa mvuke wa nyuzi 134 kwa dakika 18, au soda kali, au dawa ya klorini yenye nguvu kubwa kwa muda wa saa nzima. Prioni hung'ang'ania chuma, na chuma ndicho kinachotengenezewa koleo na visu. Kwa nyuzi za alfa-sinukleini, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sabuni kali za maabara, kama ile iitwayo SDS, huzing'oa katika vyombo na kuzivunja. Tazameni basi: kila bonge lina sabuni yake, na mtu asiyeambiwa lililomo katika kichupa atapangusa meza kwa spiriti, ataridhika kuwa meza ni safi, na ataondoka na makosa si yake.

Na ni nani asiyeambiwa? Bingwa mwenye shahada anajua. Mwanafunzi wake anajua nusu. Yule anayeosha vyombo, anayebeba taka kwenda tanurini, anayesafisha vizimba vya panya, na fundi anayeitwa kutengeneza jokofu lililoharibika usiku, hao hawaambiwi kitu, na mara nyingi hata majina yao hayamo katika orodha ya mradi. Hii si tabia ya Wazungu peke yao. Yeyote aliyewahi kupita katika ofisi zetu anajua kwamba vifaa vya kujikinga hugawiwa kuanzia juu kwenda chini, nao huisha kabla ya kufika chini.

Rai yetu ni kwamba taasisi zetu za utafiti wa afya na kamati zinazopitisha maombi ya watafiti ziweke kanuni kabla ya kichupa cha kwanza kuombewa kibali, wala zisingoje ajali. Kila bonge la protini linaloweza kuvuta jingine lihesabiwe kuwa na madhara mpaka itakapothibitishwa kinyume chake, hata kama muuzaji ameandika kwenye karatasi yake kwamba ni dawa ya maabara tu. Ncha kali zipunguzwe pale inapowezekana, na pale isipowezekana zitolewe glovu zisizokatika, kwani glovu 2 za mpira tumekwisha ona zilivyomfaa yule kijana wa Ufaransa. Kazi ya kupiga nyuzi kwa mawimbi ya sauti ifanywe ndani ya kisanduku kilichofungwa, maana hapo ndipo matone yasiyoonekana huruka. Mafunzo yatolewe kwa Kiswahili, kwa watu wote wenye funguo ya chumba, na wa kwanza kufunzwa awe msafishaji.

Iko pia haki ya mgonjwa na jamaa zake. Utafiti huu hauendelei bila ya ubongo wa marehemu na maji ya uti wa mgongo wa walio hai, na hazina kubwa za ubongo zilizopo duniani zimejaa ubongo wa watu wa Ulaya na Marekani. Ipo siku tutaombwa nasi. Kwetu maiti ana heshima yake na maziko yana wakati wake. Jambo hilo lizungumzwe na masheikh na wazee hadharani na mapema. Lisije likaletwa kwa karatasi ya kutia saini usiku wa msiba.

Linabaki suala la fidia, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Mfumo wa fidia uliojengwa juu ya ajali inayoonekana unafaa kwa aliyeanguka kutoka juu ya ngazi au aliyekatwa na mashine. Ripoti hutolewa, daktari hutazama jeraha, hesabu hufanywa. Yule wa Ufaransa alikuwa na jeraha dogo lililopona mapema, na kifo kilichokuja baada ya miaka 9. Mfanyakazi wa namna hiyo hapa kwetu angekuwa amekwisha hamia wizara nyingine, au yuko Muscat au Dubai akitafuta maisha, na mjane wake angedai kwa ushahidi gani? Hivyo tunapendekeza liwepo daftari la kila maabara itakayoruhusiwa kushika mabonge haya, lenye jina la kila aliyeingia, kila aliyechomwa, tarehe, kichupa gani na kutoka wapi, na nakala yake ikae nje ya maabara hiyo, mahali ambapo mkurugenzi wa mradi hawezi kuifikia. Miradi ya wafadhili hudumu miaka 3 au 5, kisha jengo hufungwa na makaratasi huliwa na mchwa. Daftari hilo lihifadhiwe kwa miaka isiyopungua 40, na Wizara iseme sasa, kabla ya kibali cha kwanza, litawekwa katika kabati gani na nani atakuwa na ufunguo.